Mswada kuhusu kutoa vipandikizi kabla ya muda umerudishwa na mhariri. Data inaokoleka?

MkungaKanda:

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaochapisha tafiti za uzazi wa mpango. Mswada unatokana na tasnifu ya uzamili: wanawake 384 waliofika kutoa vipandikizi (vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi) kwenye vituo vinane vya afya, Kanda ya Ziwa. Waliotoa kabla ya muda (Implanon NXT chini ya miaka 3, Jadelle chini ya miaka 5) wamelinganishwa na waliotoa muda ulipotimia, kwa rigresheni ya logisti (modeli ya takwimu ya matokeo ya ndiyo/hapana). Kichwa cha mswada ni "Kiwango na visababishi vya kutoa kipandikizi mapema". Mhariri ameurudisha bila kuupeleka kwa wahakiki, na sababu aliyotoa ni mstari mmoja: muundo wa utafiti haujibu swali lililoulizwa.

Je, data hii inaokoleka au kazi ianze upya? Na je, ruhusa ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) ya kuchapisha inatakiwa kabla ya kutuma au mswada ukishakubaliwa?

TakwimuSafi:

Mleta mada, mhariri yuko sahihi, ila data yako bado ina kazi. Tatizo ni nani yumo kwenye hesabu. Wote 384 wametoa kipandikizi. Wale waliowekewa siku hiyohiyo na bado wanacho mkononi hawamo kabisa. Kwa hiyo asilimia uliyoipata ni sehemu ya *watoaji* waliotoa mapema, wala si uwezekano wa mwanamke aliyewekewa kipandikizi kukitoa mapema. Ukiita hiyo "kiwango", mhariri anayejua fani ataishia kwenye ikisiri (abstract).

Kuna mtego mwingine ndani yake. Kituo kilichoanza kuweka vipandikizi kwa wingi mwaka juzi hakina mtu hata mmoja aliyefikisha miaka 3. Kila atakayekuja kutoa hapo atakuwa "mapema". Huduma ikipanuka, asilimia yako inapanda hata kama hakuna mwanamke aliyebadilisha tabia. Na kama umechanganya Implanon na Jadelle kwenye jedwali moja, aliyetoa Jadelle mwaka wa nne ni "mapema" ilhali ameitumia muda mrefu kuliko mwenye Implanon aliyefikisha muda wake. Zitenganishe.

Una njia mbili.

Ya kwanza, badilisha swali lifanane na sampuli. Ulio nao ni wanawake waliofika kutoa, kwa hiyo uliza mambo yanayowahusu hao: wametoa kwa sababu gani, wametumia kwa muda gani, walirudishwa mara ngapi kabla ya kutolewa, walilipishwa chochote, na wameondoka na njia gani nyingine. Hayo ni maswali halali na yanachapishika. Neno "kiwango" litoke kwenye kichwa, na "visababishi" pia. Kwa data iliyochukuliwa mara moja andika "yanayohusiana na".

Ya pili, kama unataka kiwango chenyewe, anzia kwenye kuwekewa. Chukua rejista ya uzazi wa mpango ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), orodhesha kila aliyewekewa kipandikizi kwenye vituo hivyo ndani ya mwaka mmoja fulani wa zamani vya kutosha kuwafuatilia, halafu fuatilia nani ametoa na lini. Hili linahitaji marekebisho ya kibali cha maadili kabla ya kugusa rejista, kwa sababu kibali chako kinahusu mahojiano. Utakwama kwa waliowekewa na huduma ya mkoba (wahudumu wanaofuata watu nje ya kituo), maana wengi hutoa kwingine na rejista mbili hazisomani. Mfano wa kubuni: waliowekewa 300, unaojua wametoa ndani ya miezi 12 ni 45, na 60 hawajulikani walipo. Ukigawa kwa 300 unapata asilimia 15, na hapo umedhani wote 60 bado wanacho. Ukiwafuta, 45 kwa 240 ni karibu asilimia 19, na hapo umetupa miezi yote ambayo ilijulikana wanacho. Tumia njia ya takwimu iitwayo Kaplan-Meier: kila mmoja anahesabiwa hadi siku ya mwisho aliyojulikana anacho, kisha anatoka kwenye kigawanyo bila kuhesabiwa kuwa ametoa. Na useme wazi kwenye mapungufu kwamba waliopotea huenda ndio waliotoa kwingine.

Kuna data nyingine ya bure ya kuweka pembeni kwa kulinganisha: kalenda ya matumizi kwenye TDHS-MIS 2022 (utafiti wa kitaifa wa kaya kuhusu afya, wa mfululizo wa DHS), ambayo huonyesha mwezi kwa mwezi njia aliyotumia mwanamke kwa takriban miaka mitano kabla ya mahojiano. Hapo kigawanyo ni vipindi vyote vya matumizi. Utaratibu wa kawaida ni kuchukua vipindi vilivyoanza kati ya miezi 3 na 62 kabla ya mahojiano, kwa sababu miezi ya mwisho ina mimba ambazo mama mwenyewe hajazitambua. Usisahau uzito wa sampuli (v005 ugawe kwa 1,000,000) na eneo la kuhesabia watu (v021). Kalenda ya urefu huo haitoshi kuona mwisho wa Jadelle, kwa hiyo ripoti miezi 12 na 24 tu.

Biti_Takwimu:

Naongeza mawili kwa TakwimuSafi. Hiyo 384 inajulikana inakotoka: 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05². Fomula hiyo hudhani kila mwanamke amechaguliwa peke yake kutoka kwa watu wote. Wewe una vituo vinane, wastani wa wanawake 48 kwa kituo, na wanawake wa kituo kimoja hufanana kwa sababu wamehudumiwa na watu walewale. Hata mfanano mdogo wa 0.02 unafanya 1 + (47 × 0.02) = 1.94; zidisha kwa 384, yaani ulihitaji karibu 745 kupata usahihi ulioandika. Sampuli haiongezeki sasa, kwa hiyo usidai usahihi wa asilimia 5. Ingiza kituo kama kigezo ndani ya modeli. Kwa vituo vinane tu, marekebisho ya makosa sanifu kwa vishada (makundi, hapa ni vituo) hayaaminiki.

La pili ni uwiano wa odi (odi ni waliotoa mapema kugawa kwa wasiotoa mapema). Jambo likiwa linatokea kwa wengi, huo uwiano unatisha kuliko hali halisi. Asilimia 57 kwa 40: uwiano wa odi ni karibu 2, uwiano wa asilimia zenyewe ni 1.4. Msomaji ataandika "mara mbili zaidi" kwenye ripoti ya wilaya. Tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara. Programu za takwimu za Stata na R zote zinaifanya.

MkungaKanda:

Nashukuru sana. Nachukua njia ya kwanza. Kwenye dodoso kuna swali "Ulipewa ushauri nasaha kabla ya kuwekewa? Ndiyo/Hapana", na waliotoa kwa sababu ya damu wengi wamejibu hapana. Hili nalo litapigwa?

Dada_Mhakiki:

Litapigwa, mdogo wangu. Aliyeteseka na damu isiyokoma hukumbuka ushauri tofauti na aliyekaa salama, hata kama waliambiwa maneno yaleyale siku ileile. Liripoti kama alivyolikumbuka mama, lisiwe hitimisho lako kuu. Utafiti unaofuata tumia yale maswali matatu yanayotumika kwenye DHS: aliambiwa kuhusu njia nyingine, aliambiwa maudhi madogo madogo yanayoweza kutokea, aliambiwa afanye nini yakimpata. Siku hizi huongezwa la nne: aliambiwa anaweza kubadilisha njia.

Sasa hili nalisema kwa uzito. Angalia lugha ya mswada wako. Mwanamke aliyetoa kipandikizi mwezi wa 20 kwa sababu anataka mtoto ametumia uzazi wa mpango sawasawa kabisa. Ukimweka kwenye kundi moja na aliyetoa kwa maumivu kisha ukaandika "kuacha njia ni changamoto inayopaswa kudhibitiwa", mhakiki wa fani hii atasimama hapo, na mimi nitakuwa upande wake. Gawa sababu angalau tatu: kutaka mimba, maudhi, na mengineyo kama shinikizo la mwenza au kutohitaji tena. Kila moja ihesabiwe peke yake. Hitimisho lisiseme wahudumu "wawashawishi wabaki nacho". Mapendekezo ya namna hiyo ndiyo huishia mama kuambiwa arudi mwezi ujao, na ujao tena, wakati kipandikizi kiko mkononi mwake. Kama dodoso lako liliuliza walirudishwa mara ngapi, hilo ndilo jedwali lako la pili. Kuna tafiti nyingi za kuwekewa na chache za ugumu wa kutolewa, kwa hiyo hapo ndipo mswada wako una jambo jipya.

Angalia pia faragha. "Mwenye miaka 16, ana VVU, kituo fulani" ni mtu anayejulikana na majirani. Vituo vipewe herufi, umri uwe wa makundi, na visanduku vya jedwali vyenye mtu mmoja au wawili viunganishwe.

Kibali_Kwanza:

Kuhusu NIMR: soma cheti chenyewe. Cheti cha kamati ya taifa huandika kama sharti kwamba ruhusa ya kuchapisha ipatikane NIMR, na nakala ya chapisho iwasilishwe. Omba kabla ya kutuma. Ukisubiri hadi ukubaliwe, jarida litakuwekea tarehe ya kurudisha nakala ya mwisho na wewe bado unasubiri barua. Kama kibali ni cha kamati ya chuo pekee, waulize wao kwa maandishi. Ndani ya mswada andika jina la kamati, namba ya kibali na tarehe. Angalia pia muda wake: cheti cha NIMR hudumu mwaka mmoja, na mahojiano yaliyofanyika baada ya hapo bila kuhuishwa huulizwa.

Majarida: kwa swali lako jipya jaribu *Reproductive Health* ya mchapishaji BMC (wanataka muhtasari wa lugha nyepesi pamoja na ikisiri isiyozidi maneno 350) au *African Journal of Reproductive Health* ya Benin City, Nigeria. *Contraception* wanataka kipengele kifupi cha nini kitabadilika kutokana na matokeo. Kama huwezi kukiandika kwa sentensi mbili, subiri kwanza.

Ada ya kuchapisha: wengi hudhani Tanzania inasamehewa yote. Benki ya Dunia iliihamishia kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, na wachapishaji wengi hutoa msamaha kamili kwa kipato cha chini pekee, kundi letu nusu au kwa maombi. Wengine hufuata orodha ya Research4Life (mpango wa kuzipa nchi maskini machapisho ya kisayansi), ambayo ni tofauti. Maombi hufanywa wakati wa kutuma mswada. Ukishakubaliwa, BMC hawapokei tena. Jarida linalokuahidi majibu ndani ya siku tatu na kujisifu kuwa na ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) tu, liache. Litafute kwenye DOAJ (orodha ya majarida huria) kwanza.

Ambatisha orodha ya STROBE (mwongozo wa kuripoti tafiti za uchunguzi), vipengele 22, kila kimoja na namba ya ukurasa. Na kwenye barua yako kwa mhariri, sentensi ya kwanza iwe swali jipya, ya pili iwe nani wamo kwenye sampuli na nani hawamo.