Violeti za Usambara: zikizaana, je, ni spishi moja?

Chavua_Njano
Wakuu, salaam. Nina violeti mbili, yale maua ya chunguni ya jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Saintpaulia, zenye lebo za zamani: Saintpaulia grotei, ile yenye mashina marefu yanayotambaa, na S. rupicola. Nilipaka chavua ya grotei kwenye stigma ya rupicola. Mbegu zimeota, chotara wametoa maua, na wao pia wamezaa mbegu zinazoota. Shuleni tuliambiwa spishi mbili zikizaana mtoto huwa tasa, kama nyumbu wa punda na farasi. Halafu kwenye orodha mpya zote mbili zinaitwa Streptocarpus ionanthus, yaani zimehamishiwa jenasi nyingine! Tunda la Streptocarpus si limejisokota? La violeti mbona halijajisokota?

Shina_Fupi
Zinazaana, basi ni spishi moja. Mjadala umeisha mkuu.

Mama_Vigoroto
Shina_Fupi mwanangu, usifunge mlango watu bado wanaingia. Hapo kuna maswali mawili.

La spishi kwanza. Burtt, mtaalamu wa mimea wa Edinburgh, katika kazi zake za 1958 na 1964, alifikisha spishi 20 hivi, akitegemea sana nywele za jani: zimelala au zimesimama, ndefu au fupi. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine, Darbyshire, alipoandika kundi hili kwa ajili ya flora (kitabu cha mimea yote) ya Afrika Mashariki alibakiza sita. Grotei na rupicola zikawa nususpishi (matawi ndani ya spishi moja) za S. ionantha, hiyo ionanthus ya orodha yako mpya. Mimi namuunga mkono, maana vinasaba vya mimea ya Usambara Mashariki na ya ukanda wa pwani vinatofautiana kidogo mno. Ni ukoo uliotawanyika juzijuzi kwa hesabu ya milima. S. goetzeana ya Uluguru ndiyo iliyojitenga mapema.

Lakini kuzaana kwenyewe hakuthibitishi hayo. Uwezo wa kuzaana ni urithi wa babu. Matawi mawili yanaweza kuachana zamani sana na bado yakazaana, kwa kuwa hakuna kilichowaondolea uwezo huo, na ndugu wa karibu wakashindwa kwa sababu kipande cha kromosomu kimegeuka. Rupicola inakaa kwenye miamba ya Kilifi, grotei iko misitu ya Usambara. Ni wewe uliyezikutanisha, hakuna nyuki wa kubeba chavua umbali huo.

La pili ni Streptocarpus. Mwaka 1997 watafiti Möller na Cronk walilinganisha DNA, wakakuta Saintpaulia imeota ndani kabisa ya Streptocarpus. Kromosomu zilikuwa zimeshadokeza: violeti wengi wana 30, sawa na Streptocarpella, kundi mojawapo ndani ya Streptocarpus, wakati kundi lingine kubwa la Streptocarpus lina 32. Maana yake baadhi ya Streptocarpus wana undugu wa karibu zaidi na violeti kuliko na wenye jina lao! Ukiiacha Saintpaulia nje, jenasi inayobaki ni ukoo uliong'olewa tawi. Ndiyo maana marekebisho ya 2015 yakaiweka ndani kama seksheni, yaani kundi dogo ndani ya jenasi.

Chavua_Njano
Na tunda, mama?

Mama_Vigoroto
Tunda limeacha kujisokota, na ua nalo limebadilika. Lile bomba refu la Streptocarpus limefupika, ua likawa bapa, vyavulio vya njano (vifuko vya chavua) vikatokeza mbele. Nyuki wa jenasi Amegilla huvishika na kuvitetemesha hadi chavua imwagike. Umbo kama hilo hubadilika haraka mchavushaji akibadilika, kwa hiyo lisikudanganye kuhusu ukoo.

Shina_Fupi
Nimekuelewa shikamoo. Sasa hao chotara waandikweje?

Mama_Vigoroto
Marahaba. Mzazi wa mbegu kwanza, kisha alama ya kuzidisha, kisha mwenye chavua: rupicola × grotei. Andika na mahali wazazi walikotoka kama lebo inasema, maana majina yanabadilika lakini mlima haubadiliki. Na tafadhali, chotara hao wakae kwenye vyungu. Wasipandwe karibu na miamba ya Kilifi wala msituni, mimea ya asili huko imebaki michache na itachanganyika nao bila shida yoyote.