Unene wangu ni tezi ama ni mahamri?

Mpika Mahamri, Majengo
Asalaam aleikum. Mimi nauza mahamri na viazi karai asubuhi. Tangu nijifungue huyu kitindamimba, mwili wazidi tu, madera yananibana makwapani. Nimepimwa tezi ya shingo: TSH 6.1, T4 iko sawa. Shoga yangu ashaniletea vidonge vya tezi vya mamake, ati nitapungua. Wifi yangu yuwasema ni mahamri ninayoonja. Nambieni.

Nesi Mstaafu
Waaleikum salaam mwanangu. Vidonge mrudishie mwenyewe leo. Asiye na upungufu akivimeza, moyo humwenda mbio, na akivizoea mifupa hudhoofika. Si dawa ya kukondesha.

Sasa hiyo 6.1. Maabara nyingi mwisho wao wa kiwango cha kawaida ni 4 na kitu. TSH ni amri itokayo kichwani kuihimiza tezi. T4, homoni itolewayo na tezi, ndiyo kazi yenyewe. Kwako amri imepanda kidogo na kazi yafanyika. Watu hapo husema tezi imewanenepesha, kumbe huweza kuwa kinyume: mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, nayo huchochea TSH ipande. Wengi wakipungua, nayo hushuka. Hata tezi ikilegea kweli, kilo zake ni chache, 2 hadi 5 hivi, na nyingi ni maji na chumvi. Hata kama umeongeza kilo 20, zote usiitwike tezi peke yake.

Mtoto ana umri gani?

Mpika Mahamri, Majengo
Miezi saba, yuwanyonya.

Nesi Mstaafu
Ungelisema mwanzo! Mwaka wa kwanza baada ya uzazi tezi huweza kuvurugika, kisha kwa wengi hutulia yenyewe. Mwambie daktari, aagize na kipimo cha kingamwili za tezi, yaani kinga ya mwili inayoishambulia tezi, na TSH irudiwe baada ya wiki kadhaa. Ukijiona wajifunika blanketi Februari hii ya Mombasa, choo kigumu, uchovu hauishi, usingoje hizo wiki.

Wa Likoni
Mimi yangu ililegea kweli, natumia levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi. Uchovu uliniondoka, mwili ulipungua kidogo tu, uliobaki naufanyia kazi kwa kutembea kwa miguu bustani ya ufuoni ya Mama Ngina. Daktari akikuandikia, meza kwa maji tumbo likiwa tupu, na chai ya maziwa ingoje nusu saa hadi saa nzima. Kama kliniki walikupa vidonge vya kuongeza damu, viwe mbali na hiyo dawa ya tezi kwa saa nne.