Tandiko la sufu limelala, bega linauma. Niongeze la pili?

Msaka Usingizi:
Habari zenu wadau. Nalala ubavu, na godoro langu ni la sponji gumu. Miezi minane iliyopita nilinunua tandiko la sufu, nene kama vidole vitatu, niliweke juu ya godoro angalau lilainike. Wiki za mwanzo nililala fofofo. Sasa limelala kabisa. Pale nyonga inapokaa pana shimo, ukipitisha kiganja unalisikia, na naamka bega la kulia limekufa ganzi. Nashukuru jambo moja tu: jasho la usiku limekwisha. Nawaza kuongeza tandiko jingine la sufu juu ya hili. Litanisaidia?

Fundi Mshonaji:
Pole sana. Usiongeze. Nashona magodoro miaka mingi na hili naletewa kila mara. Unyoya wa kondoo una mawimbi, kila uzi umejikunja kama springi ndogo, ndiyo maana sufu mpya ukiibonyeza inarudi. Lakini uzito wa mwili, joto na unyevu wa kila usiku huzifanya nyuzi zishikane. Zikishashikana, hazifumuki zenyewe. La pili nalo litalala vilevile. Kazi ya kuubeba mgongo ni ya kilichoko chini: springi, mpira wa povu (lateksi) au sponji.

Mama Pacha:
Fundi kasema kweli, ila tandiko hutunzwa. Langu naligeuza kila mwezi, la kichwani liende miguuni, kisha nalitoa nje kwenye upepo na kulipigapiga kwa mikono. Shimo haliishi, lakini haliwi refu. Na tafadhali usilifue kwa mashine na maji moto! La kwanza nililiharibu hivyo, likatoka dogo na gumu kama ubao. Kagua na nondo kwenye mishono, viwavi wao hula sufu.

Msaka Usingizi:
Asanteni. Sasa jasho limekwishaje, na kitu chenyewe ni cha kukinga baridi?

Fundi Mshonaji:
Sufu hunyonya mvuke wa jasho hadi karibu 30% ya uzito wake kabla hujahisi unyevu, halafu huuachia hewani. Kwa hiyo usiifunike kwa plastiki, utaiziba pumzi. Hebu tujue mkosaji ni nani. Ondoa tandiko, vuta kamba toka ukingo mmoja wa godoro hadi mwingine, uangalie kama kuna mwanya chini yake. Fanya hivyohivyo kwenye tandiko.

Msaka Usingizi:
Nimerudi. Kwenye godoro kamba imelala sawa kote. Kwenye tandiko, rula imezama sentimita mbili pale pa nyonga.

Fundi Mshonaji:
Basi godoro lako ni zima, ila ni gumu mno kwa mtu wa ubavu. Bega linataka mahali pa kuzama. Tafuta tabaka la mpira laini, sentimita 5 zinatosha, uliweke juu ya godoro, kisha sufu yako juu yake, umeigeuza. Shuka usiikaze. Ikivutwa kama ngozi ya ngoma, mpira unashindwa kubonyea na bega linabaki juujuu.

Mama Pacha:
Na mto pia, dada. Ukishazama kidogo, mto wa zamani unaweza kuwa mrefu kupita kiasi, shingo ikapinda.

Msaka Usingizi:
Kumbe! Mto wangu ni mnene kweli. Leo usiku naanza kwa kugeuza tandiko na kulegeza shuka, mpira nitautafuta wiki hii. Nitawaambia bega linasemaje.