Tupeane uzoefu: nani ametia mkwaruzo kwenye mpini wa bastola yake?

Wakuu, waliowahi kutia mkwaruzo kwenye mpini wa bastola, yaani kuufanya uwe na vijivimbe au mistari ili usiteleze mkononi, kwa mkono wao au kwa fundi silaha, karibuni tupeane uzoefu. Naanza na yangu.

Nina Glock 17 ya kizazi cha tatu, ile yenye vibonde vya vidole mbele ya mpini. Vidole vyangu vinene havikai humo, na mkono ukitoa jasho, kila baada ya risasi tano sita nilikuwa naushika mpini upya. Nikatoa magazini (kile kisanduku cha risasi), nikakagua chemba mara mbili isibaki risasi, nikavua slaidi (kile chuma cha juu) na mtutu, nikabaki na fremu tupu, yaani mwili wenye mpini. Vibonde nikavisawazisha kwa msasa. Kisha nikachukua pasi ndogo ya kulehemu, ile ya mafundi redio, nikaanza kudonoa kitone kimoja kimoja. Plastiki ile ikipata moto inayeyuka na kuinuka pembeni ya kitone, na huo mwinuko ndio unaoshika kiganja.

Upande wa kulia ulitoka vizuri mno. Wa kushoto nilikuwa nimechoka, nikawa nakandamiza badala ya kugusa. Nilipomaliza, magazini haikudondoka yenyewe tena. Ukuta ulikuwa umebonyea kwa ndani! Fundi aliusugua kidogo kidogo mpaka ikapita. Niliogopa sana, maana fremu ndiyo yenye namba ya silaha. Huitupi ukachukua nyingine.

*

Pole mkuu. Mimi bastola yangu ina kipande cha nyuma ya mpini kinachobadilishwa, nikajifunzia kwenye vile vya akiba. Niliharibu viwili kabla mkono haujazoea. Kilichonisaidia zaidi ni kubandika tepu na kuchonga mstari wa mpaka kwanza, ndipo nidonoe ndani yake. Bila mpaka vitone vinatambaa hadi kwenye kitufe cha magazini. Na fanyeni kazi hiyo nje, ule moshi wa plastiki si wa kuvuta.

*

Yangu ni bastola aina ya 1911, yenye fremu ya chuma, kwa hiyo hakuna kuyeyusha. Fundi anakata mistari kwa tupa, ikipishana vinabaki vijialmasi. Aliniuliza: mistari 20 kwa inchi au 30? Nikataka 20 kwa sababu ndiyo inayoshika zaidi. Inashika kweli, ila baada ya mazoezi marefu ngozi ya vidole ilichubuka. Nikamrudia akapunguza ncha. Leo ningechukua 25 au 30. Halafu chuma kikishakatwa kinabaki wazi, jasho linaleta kutu haraka, hivyo msisahau kukipaka rangi upya.

*

Kwa wanaobeba kiunoni chini ya shati: upande unaogusa mwili uacheni laini. Mimi nilidonoa kila mahali, hadi juu kabisa kwenye mkia wa fremu, pale inapochomoza nyuma juu ya mkono. Uwanjani ilikuwa raha tupu. Nyumbani, shati mbili zilitoboka na ubavu ukawa na alama nyekundu kila jioni. Niliishia kupitisha msasa mwembamba kwenye kazi yangu yote ya siku mbili.

*

Mimi ni mlinzi, silaha ni ya mwajiri, siruhusiwi kuichoma wala kuikata. Nilijaribu soksi ya mpira, ikawa inazunguka mkononi kila bastola ikipiga teke. Nikahamia tepu yenye mchanga, unaikata kwa umbo la mpini. Futa mafuta kwa spiriti kwanza, la sivyo kona zinaanza kubanduka mapema. Kwangu inatosha kabisa.

*

Swali kwa mleta mada: kidole gumba cha mkono wa pili umekiwekea sehemu?

*

Ndiyo mkuu, kiraka kidogo kwenye fremu, juu ya kikinga triga (ile pete inayoizunguka), upande wa kushoto. Cha ajabu hicho ndicho kimenisaidia kuliko mpini wote. Gumba linakandamiza pale, na mdomo wa bastola haurukiruki kama zamani. Ningejua, ningeanza na hicho, nikadonoa vitone thelathini tu na kupumzisha pasi.