Sakafu ya tela la trekta imeoza: mninga au paini ya dawa?

Mkulima wa Hombolo

Mbukwenyi wakuu. Nina tela la trekta ambalo chesisi yake bado nzima, ila sakafu imekwisha. Ajabu ni kwamba kila ubao umeoza pale unapokalia chuma, katikati bado mgumu. Ni mbao za paini, zilifungwa zimebanana kabisa na kupakwa oili chafu. Msimu uliopita kijana wa kupakia alizama mguu hadi gotini akiwa na gunia la alizeti begani. Alichubuka tu, namshukuru Mungu, lakini sitaki mtu mwingine aumie kwenye tela langu.

Linabeba magunia ya alizeti na mtama, na wakati wa zabibu linabeba kreti hadi mjini. Nataka kufunga mbao mpya kabla ya mvua za Desemba. Muuzaji mmoja ananishauri mninga, mwingine paini ya Mafinga iliyotiwa dawa. Nichukue ipi, na nipake nini kisichoharibu zabibu?

Dereva wa Kibaigwa

Pole kwa kijana. Sisi mbao tuliziacha, tukaweka shiti la chuma. Mchwa hali, halafu halina kuoza.

Seremala Kizota

Mkuu wa Kibaigwa, kwa magunia ya mahindi sawa. Kwa zabibu hapana. Chuma kilichoshinda juani Dodoma mwezi wa pili kinapika kreti za chini kabla hazijafika mjini. Na ubao mmoja ukiharibika unabadilisha huo mmoja tu.

Mkulima, umeshaeleza ugonjwa wenyewe. Kuvu wa kuozesha mbao anahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ndani ya ubao. Kiangazi chetu ni kikavu, hapati nafasi. Anapata nafasi pale maji ya mvua yanaponaswa kati ya ubao na chuma yasikauke wiki nzima. Kwa hiyo kabla ya kununua mbao, kwangua kutu kwenye chesisi, paka redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu), kisha lami kwenye kila chuma kitakachobeba ubao. Ncha za ubao nazo zipate lami, maana huko ndiko unakonywa maji haraka kuliko kwingine.

Mninga nauheshimu sana. Ukishakauka hauchezi, ndiyo maana tunautumia kwenye milango, na mchwa hauwezi kirahisi. Ila bei unaijua, na ukinunua dai risiti na uangalie kama mbao zimegongwa nyundo ya serikali, yaani alama kwamba zimevunwa kihalali, vinginevyo utasimamishwa njiani. Kwa tela la shamba, paini ya dawa ya inchi mbili kwa sita inatosha kabisa, ikiwa imekauka. Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa. Paini inashuka kutoka Mafinga mbichi, inafungwa wiki hiyohiyo. Ubao mbichi wa inchi sita unaweza kupungua milimita tano hadi saba kwa upana ukikutana na hewa yetu. Ukibanwa kwa misumari, unapasuka.

Zipange kivulini, weka vipande vyembamba katikati ili hewa ipite, juu weka mawe zisipinde. Chagua ubao mmoja, uupime kwenye mizani ya magunia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka. Hapo funga kwa bolti za milimita 10, tundu la kwenye ubao liwe la 12 ili ubao upate pa kutanukia. Kati ya ubao na ubao acha nafasi ya unene wa msumari wa inchi nne. Januari zitavimba, na maji yatapita chini badala ya kulala juu.

Oili chafu achana nayo. Haiui kuvu, inateleza, na ina metali ambazo hazitakiwi karibu na chakula. Paka mafuta ya kitani yaliyochanganywa na tapentaini, mara mbili, ubao ukiwa mkavu, kisha rudia kila mvua zikiisha. Matambara uliyopakia yaanike yametandazwa. Yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe.

Mkulima wa Hombolo

Asante sana fundi. Mtama wa kumwaga hautapita kwenye hizo nafasi?

Seremala Kizota

Utapita. Tandika turubai siku hiyo, ukimaliza ulitoe. Likilala hapo mvua nzima linahifadhi maji. Na kreti za zabibu zisikalie mbao za dawa moja kwa moja, tandika turubai safi.

Mama Alizeti

Samahani fundi, vipande vinavyobaki vya paini ya dawa vinafaa kuni? Huku kwetu kuni ni shida.

Seremala Kizota

Hapana mama, hata kuchomea taka usivitumie. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromu na aseniki. Sumu hiyo inatoka kwenye moshi na inabaki kwenye majivu. Vikatie vigingi vya uzio.