Naomba ushauri: gharama na moshi wa kusafirisha mahindi kwa lori

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kusafirisha mazao kwa barabara. Kikundi chetu cha wakulima hukodi lori la tani 10 kupeleka mahindi sokoni, na kinachoniumiza ni kwamba tunalipia safari mbili ilhali mzigo ni wa safari moja, kwa kuwa lori hurudi tupu huku likichoma dizeli, ambayo kila lita yake hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa.

Lipo pia suala la unyevu. Tani 10 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa hadi asilimia 13, hubaki kama tani 9.2, yaani tumekuwa tukilipia nauli ya karibu kilo 800 za maji. Safari iliyopita niliingiza mkono ndani ya gunia wakati wa kupakua, nikakuta punje zina joto na zimeshikana.

Je, tuanze na kununua maturubai ya kuanikia, au tutafute kwanza mzigo wa kurudi nao? Na makubaliano na mwenye lori yaandikweje ili nafuu hiyo itufikie na sisi?