Naomba ushauri: hija ya miguu Masasi hadi Ndanda, nibebe nini?

Wakuu habari zenu, vijana wa parokia tumepanga kwenda hija kwa miguu toka Masasi mjini mpaka abasia ya Wabenediktini pale Ndanda, kama kilomita 40 hivi, tunaondoka usiku maana jua la huku kusini mnalijua wenyewe. Nina raba mpya ila kisiginoni zinabana, sasa sijui nizivae kwanza mtaani zilainike au niende na yeboyebo tu, mama mkubwa anasema nipake mafuta ya mgando vidoleni nisitoke malengelenge, kweli inasaidia? Na maji lita 3 mgongoni si zitaniua jamani? Halafu malori ya korosho usiku yanakimbia balaa, vizibao vya kung'aa tunapata wapi hapa Masasi kwa bei ya kueleweka?